Waulizeni Majirani wa Tatu

Sura ya vikomo ni fupi katika vitabu vingi vya Hisabati ya Juu vya kidato cha tano na cha sita, na walimu wengi huipita mbiombio. Swali huandikwa, namba huwekwa mahali pa x, jibu hutoka, kisha darasa huhamia kwenye zile kanuni za kalkulasi ambazo mtihani huziuliza zaidi. Mimi nilibahatika kufundishwa na mtu aliyekataa mwendo huo. Leo nami ni mwalimu wa somo hilohilo, na ninaandika haya kwa sababu naamini hakuna sura nyingine ya hisabati ya sekondari inayomfunza kijana kudai jambo na kulisimamia kama hii ya vikomo na mwendelezo.

Tulikuwa wanafunzi wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya bweni. Mwalimu wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, aliandika ubaoni (x² − 9)/(x − 3), kisha akatuuliza: x ikiwa 3, tunapata nini? Juu sifuri, chini sifuri. Wengine wakasema jibu ni sifuri, wengine wakasema ni moja, wengine wakasema hesabu hiyo haiwezekani. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amesoma mbele akanyoosha mkono, akaeleza kwamba x² − 9 ni (x − 3)(x + 3), kwa hiyo tukifuta x − 3 juu na chini tunabaki na x + 3, na jibu ni 6.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Kaa kwanza. Sita yako ni nzuri, lakini nataka mjue hiyo sita ni jibu la swali gani."

Akagawa darasa. Waliokaa upande wa dirisha wakapewa 2.9, 2.99 na 2.999, waliokaa upande wa mlango wakapewa 3.1, 3.01 na 3.001. Kalkuleta ziliwekwa pembeni, tukapiga hesabu kwa mkono. Upande wa dirisha ukatoa 5.9, 5.99 na 5.999. Upande wa mlango ukatoa 6.1, 6.01 na 6.001. Namba zikaandikwa ubaoni safu mbili, zikitazamana. Ndipo mwalimu akasema maneno ambayo nimeyarudia katika kila darasa nililowahi kusimama mbele yake: "Tatu yenyewe haina la kusema. Waulizeni majirani wa tatu. Wa kushoto wanasema nini? Wa kulia wanasema nini? Je, wanakubaliana?"

Walikubaliana. Kila walivyoisogelea 3, walisogea kwenye 6, na hakuna aliyefika 3 yenyewe. Hapo ndipo mwenzetu aliruhusiwa kufuta x − 3 yake, na mwalimu akatuonyesha kwa nini ni halali: majirani wote si 3, kwa hiyo kwa kila mmoja wao x − 3 si sifuri, na kugawanya kunaruhusiwa. Kisha akaongeza jambo lililotushangaza. Tuseme mtu anaamua kwa amri kwamba pale kwenye 3 kanuni yetu itoe 100. Kikomo kinabadilika? Hakibadiliki, ni 6 vilevile, kwa sababu kikomo hakikuwahi kumuuliza 3. Kijana akishalielewa hilo amevuka mlango mkubwa, maana ametenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya maisha yao yote: jambo linaelekea wapi, na jambo liko wapi.

Sababu ya kujisumbua hivyo tuliiona kwenye fizikia. Jiwe likiachwa lianguke, umbali wake kwa mita baada ya sekunde t ni takriban 4.9t². Kasi yake inapotimia sekunde ya 2 ni ngapi? Wastani wa kasi kila mtu anaujua, ni umbali kugawanya kwa muda. Kuanzia sekunde 2 hadi 2.1 wastani ni mita 20.09 kwa sekunde. Hadi 2.01 ni 19.649. Hadi 2.001 ni 19.6049. Namba zinateremka kuelekea 19.6, nasi tukawa tayari kuandika jibu. Mwanafunzi mmoja mkimya, wa safu ya nyuma, akauliza: "Mwalimu, ikitimia sekunde ya 2, papo hapo, muda uliopita ni sifuri na umbali ni sifuri. Jiwe litakuwaje na kasi ilhali halijaenda popote?"

Baadhi yetu tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa na askofu, na kwamba wanahisabati wa Ulaya walikaa nalo zaidi ya miaka 80 kabla ya kulijibu sawasawa.

Askofu huyo ni George Berkeley, wa Cloyne nchini Ireland, na kitabu chake, The Analyst, kilitoka mwaka 1734. Wakati huo kalkulasi ya Isaac Newton na Gottfried Leibniz ilikuwa imeshaenea. Leibniz alikuwa ameichapisha ya kwake tangu 1684, na kwa kanuni hizo watu walikuwa wakikokotoa mienendo ya sayari na kupata majibu sahihi. Berkeley hakubisha kwamba majibu ni sahihi. Alibisha njia. Aliona kwamba wanahisabati walichukua kipande kidogo mno cha muda, wakakigawanyia kana kwamba si sifuri, halafu mwishoni wakakitupa kana kwamba ni sifuri. Kama si sifuri, wamepata wapi ruhusa ya kukitupa? Kama ni sifuri, wamewezaje kukigawanyia? Ni hoja ileile ya mwenzetu wa safu ya nyuma, imevaa joho la uaskofu.

Jibu lilikuja taratibu. Mwaka 1817 Bernard Bolzano, padri na mwalimu wa dini katika chuo kikuu cha Prague, alichapisha andiko lililoweka mwendelezo juu ya msingi wa hesabu badala ya msingi wa picha. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy alichapisha Paris kitabu chake cha kufundishia, Cours d'analyse, na ndani yake kikomo kikawa nguzo ya kalkulasi nzima. Baadaye Karl Weierstrass, katika mihadhara yake Berlin, aliyapa maelezo hayo umbo kali tunalolitumia hadi leo. Kiini cha jibu lao ni kwamba hatuhitaji kufika kwenye sifuri. Hatudai kwamba jiwe limekwenda umbali fulani katika muda wa sifuri. Tunadai kwamba wastani wa kasi katika vipande vidogo vya muda unaweza kusogezwa karibu na 19.6 kadiri yeyote atakavyotaka, na namba hiyo inayosogelewa ndiyo tunayoiita kasi ya papo hapo. Sifuri haigawanyii chochote.

Historia hii ilinifaa sana nilipoanza kufundisha. Mwanafunzi anayekuja ofisini na daftari lake na kusema, "Mwalimu, vikomo haviniingii kichwani," nampa miaka: 1684 hadi 1821. Jambo lililowasumbua watu kama hao kwa zaidi ya karne halifai kumvunja moyo kijana wa miaka 18 kwa sababu hakulielewa katika wiki moja. Anayeuliza jiwe litakuwaje na kasi bila kwenda popote ameuliza swali la kiwango cha juu, na anastahili kuelezwa hivyo mbele ya wenzake.

Nawaambia pia habari ya Weierstrass, hasa wale wanaofikiri hisabati ya kweli hufanywa na watu wa vyuo vikubwa peke yao. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwalimu wa shule katika miji midogo ya Prussia, akifundisha pamoja na hisabati masomo kama mazoezi ya viungo na mwandiko. Usiku alifanya utafiti wake. Mwaka 1854 makala yake moja ilichapishwa katika jarida kubwa la hisabati la Ujerumani, chuo kikuu cha Königsberg kikampa shahada ya heshima ya udaktari, na miaka miwili baadaye alikuwa Berlin. Mtu aliyeipa dunia maana kamili ya kikomo alikuwa mwalimu wa shule. Siku ambazo nimebeba lundo la madaftari ya kusahihisha kwenda nayo nyumbani, habari hiyo imenipa nguvu.

Maana kamili yenyewe nilikutana nayo mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Inasema hivi: kikomo cha f(x), x inapoelekea a, ni L, ikiwa kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri ipo delta iliyo kubwa kuliko sifuri, ambayo kila x iliyo umbali usiofika delta kutoka a, isipokuwa a yenyewe, huifanya f(x) iwe umbali usiofika epsiloni kutoka L. Wengi wetu tuliikariri kama dua. Iliyotufungua ni mijadala ya jioni, pale kundi letu lilipoamua kuigeuza sentensi hiyo kuwa mabishano ya watu wawili, kwa Kiswahili, mmoja akiwa mdai na mwingine mjibu.

Mjibu anatangaza: 2x + 1 inaelekea 7, x inapoelekea 3. Mdai anasema, "Nataka kosa lisifike 0.1." Mjibu anasema, "Kaa ndani ya 0.05 kutoka 3, utalipata." Mdai anabana: "Nataka lisifike 0.001." Mjibu anajibu, "Kaa ndani ya 0.0005." Mdai anaweza kubana usiku kucha, lakini mjibu ameshashinda, kwa sababu anayo kanuni: lolote utakalodai, nitakupa nusu yake. Hajibu dai moja, anajibu madai yote kwa mpigo. Kisha tukageuza. Mjibu akadai kwamba |x|/x ina kikomo x inapoelekea sifuri. Mdai akataka kosa lisifike nusu, na mjibu akakwama papo hapo. Majirani wote wa kulia wa sifuri wanatoa 1, wa kushoto wote wanatoa −1, na hakuna namba hata moja iliyo karibu na zote mbili kwa kiasi hicho, hata usogee kiasi gani.

Mabishano yale yalitufundisha umuhimu wa zamu. Mdai huanza, mjibu hufuata. Ukibadilisha zamu, ukamruhusu mjibu achague umbali wake kabla ya kusikia dai, maana yote inaharibika. Na huo ndio mpangilio wa haki katika kila ahadi ya usahihi. Mhandisi wa daraja, mpimaji wa ardhi, mtengenezaji wa dawa, wote huambiwa kwanza ni kosa gani linalovumilika, ndipo wachague vifaa na njia. Mtu akikuambia kwamba makisio yake yako karibu na ukweli, swali la kwanza ni moja: karibu kiasi gani, na nikikudai zaidi utaweza? Nimelitumia swali hilo katika vikao vya shule, mbele ya mafundi, na katika kusoma taarifa za magazeti, na mara nyingi limetosha kutenganisha mwenye hakika na mwenye maneno.

Nilipoanza kufundisha nilichagua kuanza na jedwali la namba, kama nilivyofundishwa. Mwaka mmoja tulikuwa tunatafuta sin x gawanya kwa x, x inapoelekea sifuri. Safari hii kalkuleta ziliruhusiwa, na nikawaomba waweke 0.01. Nusu ya darasa wakapata 0.99998. Nusu nyingine wakapata 0.01745. Kelele zikapanda, kila upande ukiuambia mwingine kwamba kalkuleta zake mbovu. Kalkuleta zote zilikuwa nzima. Za kwanza zilikuwa kwenye radiani, za pili kwenye digrii, na kila kundi lilikuwa limekaribia kikomo sahihi cha kipimo chake, kwani 0.01745 ni takriban π gawanya kwa 180. Siku hiyo darasa lilielewa kitu ambacho vitabu hukitaja kwa mstari mmoja, kwamba kalkulasi hutumia radiani kwa sababu kwa kipimo hicho kikomo kinakuwa 1, na kanuni zote za sin na cos zinatoka safi bila kuburuta π/180 kila zinapokwenda.

Wale waliosoma mbele hutaka kulimaliza swali hilo kwa kanuni ya L'Hôpital, ya kutafuta kasi ya badiliko la juu na la chini kisha kugawanya. Jibu hutoka 1, lakini huwauliza: mmejuaje kwamba kasi ya badiliko la sin x ni cos x? Wakifuata uthibitisho wake hatua kwa hatua, wanakuta umesimama juu ya kikomo hichohicho cha sin x gawanya kwa x. Wamezunguka na kurudi walipoanzia. Sipingi kanuni hiyo, ni chombo kizuri. Ninachopinga ni kumkabidhi kijana chombo kabla hajajua kimesimama juu ya nini.

Kutoka kwenye kikomo, mwendelezo uko hatua moja mbele. Funksheni, yaani kanuni inayopokea namba moja na kutoa namba moja, ina mwendelezo mahali fulani ikiwa mambo matatu yametimia: pale mahali pana jibu, majirani wa pande zote mbili wanakubaliana juu ya kikomo, na jibu la mahali penyewe ni lilelile wanalolisema majirani. Wanafunzi huyakariri haya matatu kama orodha ya kutiki. Mimi nilipata njia nzuri ya kuyafundisha kutoka ofisi ya walimu, tena mwisho wa mwezi.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa miaka mingi kazini, alikuwa anatarajia kupandishwa daraja, na badala ya kufurahi alikuwa na wasiwasi. "Mwalimu," aliniambia, "nikipanda nitaingia kwenye kodi ya asilimia 25. Naona bora nibaki nilipo, maana nyongeza yote itakwenda serikalini na zaidi." Hofu hiyo ni ya watu wengi sana, wasomi na wasio wasomi. Tukachukua chaki.

Viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya Tanzania Bara vilivyowekwa Julai 2021 viko hivi, kwa mapato ya mwezi yanayotozwa kodi. Hadi shilingi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Zaidi ya hapo ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja.

Tukasimama kwenye mpaka aliouogopa, 760,000. Ukiukaribia kutoka chini, kodi inaelekea 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 240,000, ambayo ni 48,000. Jumla 68,000. Ukiukaribia kutoka juu, kodi inaelekea 68,000 na sifuri ya ziada. Pande mbili zinakubaliana, na mpaka wenyewe una jibu hilohilo. Tukajaribu mipaka mingine, na kila mmoja ukafunga vivyo hivyo. Waliotunga sheria hiyo walichagua zile 20,000, 68,000 na 128,000 makusudi ili funksheni yao iwe na mwendelezo. Mwenzetu akipanda kutoka 760,000 hadi 800,000, kodi yake inapanda kutoka 68,000 hadi 78,000, na mkononi anabaki na 722,000 badala ya 692,000. Hofu yake ingekuwa ya kweli kama sheria ingesema kwamba ukivuka mpaka unatozwa asilimia 25 ya mapato yote. Hapo kodi ingeruka kutoka 68,000 hadi 190,000 kwa shilingi moja ya nyongeza. Mwalimu yule alipanda daraja, na mimi nikapata somo la vipindi viwili.

Somo hilo lina tunda jingine. Grafu ya kodi haina pengo popote, lakini ina vipindo: kwenye 760,000 mwinuko wake unabadilika ghafla kutoka asilimia 20 hadi 25. Kwa hiyo wanafunzi wanaona, kwa fedha za wazazi wao, kwamba mwendelezo ni jambo moja na ulaini ni jingine. Unaweza kupita mahali bila kuruka na bado ukapinda kwa ghafla.

Ukishawapa hilo, wape na funksheni zinazoruka, nazo haziko mbali. Makato ya kutuma pesa kwa simu yamepangwa kwa madaraja, na kila mtumaji anajua kwamba ukizidisha kidogo juu ya mpaka, makato hupanda kwa mpigo. Matokeo ya kidato cha nne nayo ni ngazi: alama 29 ni F na 30 ni D, alama 74 ni B na 75 ni A. Wanafunzi wangu hulijadili hili kwa uchungu, na wana haki. Vijana wawili waliotofautiana kwa alama moja wako karibu sana kwa kipimo chochote cha akili, lakini vyeti vyao havikaribiani. Jamii haiwezi kuishi bila ngazi, kwa kuwa lazima pawe na umri wa kupiga kura na alama ya kufaulu. Lakini raia anayeelewa mwendelezo ataweza kuuliza, kila inapowekwa sheria mpya, wapi panarukwa, nani amesimama pale, na kama mruko huo ulikuwa wa lazima. Waliopanga PAYE wameonyesha kwamba mara nyingine si wa lazima.

Zawadi kubwa ya mwendelezo ni nadharia aliyoithibitisha Bolzano katika andiko lake la 1817: funksheni yenye mwendelezo ikianza chini ya sifuri na kumalizia juu yake, lazima mahali fulani katikati iwe sifuri kamili. Darasani huianza kwa kitendawili cha kilima. Kijana anaanza kupanda kilima Jumamosi saa 12 asubuhi, anafika kileleni saa 6 mchana, analala huko. Jumapili saa 12 asubuhi anateremka kwa njia ileile na kufika chini saa 6 mchana. Je, ipo sehemu ya njia ambayo aliipita saa ileile siku zote mbili? Wanafunzi huanza kubisha: je, akiteremka mbio? Je, akipumzika chini ya mti saa nzima? Je, akirudi nyuma kuchukua kofia? Nawaambia wachukue umbali wake njiani kutoka chini ya kilima Jumapili na kuutoa ule wa Jumamosi kwa saa ileile. Saa 12 asubuhi tofauti ni njia nzima. Saa 6 mchana ni njia nzima upande wa hasi. Katikati lazima ipite sifuri. Mbio, mapumziko na kofia haviondoi kitu. Kinachohitajika ni kwamba kijana hapotei mahali pamoja na kutokea kwingine.

Nadharia hiyo inasema sehemu ipo, haisemi iko wapi. Kuitafuta ni kazi nyingine, na njia yake ni ya subira. Tukitaka namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2, tunaona 1.4 inatoa 1.96 na 1.5 inatoa 2.25, kwa hiyo iko katikati. Kisha 1.41 inatoa 1.9881 na 1.42 inatoa 2.0164. Kisha 1.414 inatoa 1.999396 na 1.415 inatoa 2.002225. Kila hatua inabana mipaka mara kumi, na hakuna hatua inayohitaji bahati. Vijana wengi hukata tamaa kwa sababu hawaoni jibu kamili mara moja. Hapa wanajifunza kwamba mtu mwenye mpaka wa chini, mpaka wa juu na njia ya kuibana tayari anajua mengi.

Huwa naulizwa kwa nini Bolzano alijisumbua kuthibitisha jambo ambalo kila mwenye macho analiona. Macho ndiyo sababu. Tumezoea kusema kwamba funksheni yenye mwendelezo ni ile unayoichora bila kuinua kalamu, na kwa kuanzia maelezo hayo yanatosha. Lakini tarehe 18 Julai 1872 Weierstrass alisoma mbele ya Akademia ya Berlin mfano wa funksheni yenye mwendelezo kila mahali, ambayo haina mwinuko mahali popote. Hakuna mkono unaoweza kuichora. Picha ingekataa kwamba kitu kama hicho kipo, na maana kamili ya kikomo ikathibitisha kwamba kipo. Bolzano mwenyewe aliondolewa kwenye kiti chake cha ualimu mwaka 1819 kwa sababu ya misimamo yake, na kazi zake nyingi za hisabati hazikusomwa na wengi alipokuwa hai. Lakini hoja iliyojengwa sawasawa haikuoza kwa kusubiri.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Ipeni sura hii vipindi zaidi ya vile mlivyozoea. Anzeni na jedwali la namba zilizokokotolewa na wanafunzi wenyewe, waacheni wabishane kwa Kiswahili hadi hoja isimame, kisha waandike kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Zuieni kanuni za mkato hadi wajue zinatoka wapi. Leteni kodi, makato na alama za mitihani darasani, kwa sababu ni funksheni ambazo vijana hawa wataishi nazo wakishasahau sin x. Na wazazi, mtoto akiwaambia kwamba wiki mbili darasa lao liko kwenye vikomo tu, msidhani mwalimu anachelewesha silabasi. Kijana aliyeelewa kikomo na mwendelezo hufundishwa kalkulasi iliyobaki kwa nusu ya jasho. Aliyeviruka vyote viwili atakariri kanuni hadi siku ya mtihani, na zitamtoka wiki inayofuata.